Farasi na karoti mkononi: dalili, chanzo na la kufanya

Malalamiko yanayomfikia saisi, yaani mtunza farasi, kuhusu vitafunwa ni yaleyale kila banda: farasi anang'ata, anaparamia, anapekua mifuko, analaza masikio, au leo amekataa karoti aliyokuwa akiililia jana. Shida ni kwamba dalili moja huwa na vyanzo kadhaa, na dawa ya chanzo kimoja huchochea kingine. Farasi aliyekung'ata kwa sababu haoni vidole vyako, ukimchapa kofi la pua, utabaki na farasi anayeng'ata huku akirudi nyuma.

Mambo mawili ni lazima yajulikane kwanza.

La kwanza ni macho yake. Yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote, lakini haoni kilicho chini ya pua yake wala kilicho nyuma kabisa ya mkia. Karoti anaiona ikiwa mbali kidogo, na ikifika midomoni inapotea. Kazi iliyobaki inafanywa na mdomo wa juu, ambao unapapasa kama kidole, pamoja na masharubu marefu ya puani na kidevuni. Mabanda mengine yana mazoea ya kuyanyoa masharubu hayo ili farasi apendeze. Yaache. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limepiga marufuku kuyanyoa kwa farasi wa mashindano yake tangu Julai 2021, na kwa anayelisha kwa mkono sababu ni rahisi: ukiyaondoa, farasi anatafuta kwa meno.

La pili, farasi anakusoma wewe kuliko unavyomsoma yeye. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye mmiliki wake, Wilhelm von Osten, aliamini anajua hesabu. Hans aligonga ukwato mpaka kufikia jibu sahihi, kisha akapewa kipande cha karoti au mkate. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuhesabu chochote. Alikuwa anaona jinsi muulizaji anavyoinua kichwa kidogo sana jibu linapofika, na hapo ndipo alipoacha kugonga. Sasa jiulize kama farasi wa namna hiyo atashindwa kuona mkono wako ukielekea mfukoni.

Kusoma mwili kabla ya kutoa kitu

Anza na masikio, lakini usiishie hapo. Masikio yaliyoelekezwa mbele na shingo iliyolegea: anafuatilia kwa utulivu. Sikio moja mbele na jingine nyuma: anasikiliza mambo mawili, si hasira. Wengi hukosea kwenye masikio yaliyogeuzwa nyuma. Farasi anayesikiliza kitu kilicho nyuma yake hugeuza masikio bila kuyalaza, na pua yake hubaki laini. Farasi anayetisha huyalaza mpaka yagusane na shingo, ngozi ya juu ya matundu ya pua hujikunja, midomo hukaza, na mara nyingi kichwa hushuka na kunyooshwa kwako kama nyoka. Ukiona pua imekunjwa, toka kwanza, maswali baadaye.

Kisha tazama jicho na kidevu. Mkunjo wa pembe tatu juu ya jicho na kidevu kilichokazana kuwa gumu kama limau ni mvutano au maumivu. Weupe wa jicho unaoonekana ni dalili ya hofu kwa farasi wengi, isipokuwa aina kama Appaloosa, ambao huzaliwa na weupe huo ukionekana. Mkia unaopigwapigwa wakati hakuna nzi una maana. Wakati wa nzi, usimhukumu.

Dalili: anang'ata vidole

Chunguza mkono wako kabla ya kumlaumu. Kiganja kinyooshwe, vidole vibanane, kidole gumba kilazwe kando ya kiganja, kisinyanyuke. Kipande kikae katikati. Leta mkono chini kidogo ya midomo, kisha uinue taratibu mpaka uguse. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wakihisi mdomo unapapasa, wanashtuka na kuvuta mkono. Farasi amekosa, na safari ijayo atawahi. Mara tatu za mkono unaokimbia zinatosha kumfundisha kudaka. Kwa hiyo mkono ukishafika, utulie, hata uusukume juu kidogo dhidi ya midomo.

Kwa mtoto mdogo au mgeni mwenye woga, usibishane na mkono unaotetemeka. Mpe sahani ya plastiki au karai dogo, aweke kipande humo na ashike ukingo kwa mikono miwili.

Mkono ukiwa sawa na bado anadaka, uliza alikula nyasi lini. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au la, na farasi aliyekaa saa tano au sita bila nyasi huwa na njaa kali na mara nyingi maumivu. Mpe nyasi kavu kwanza, asubiri nusu saa, kisha jaribu tena. Dume changa nalo lina mambo yake: linachezea kila kitu kwa mdomo, mshipi, kofia, mkono wa shati. Huyo usimlishe kwa mkono kabisa kwa miezi kadhaa. Kila kitu kiende ndani ya ndoo.

Dalili: anakuparamia na kupekua mifuko

Hili ndilo tatizo kubwa, na karibu kila mara limetengenezwa na binadamu. Farasi anasukuma kwa pua, mtu anacheka, anampa kipande. Kesho mtu mwingine anakataa mara tisa, ya kumi anashindwa. Malipo ya kubahatisha ndiyo yanayotia ukaidi: anayelipwa mara moja kati ya kumi huvumilia kukataliwa kuliko anayelipwa kila mara, kama mcheza kamari asiyetoka kwenye mashine. Ndiyo maana kupunguza vitafunwa bila mpango hakumponyi. Kunamkomaza.

Kuna pia suala la hongo na ujira. Ukimwonyesha karoti kwanza ili afuate, hicho ni "kitu kidogo", na wote tunajua mwenye kuzoea kitu kidogo hafanyi kazi bila kukiona. Kitafunwa kije baada ya tendo, na kisionekane kabla.

Marekebisho yanahitaji mfuko wa kiunoni unaofungika, vipande 15 vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, na kizuizi kati yenu: mlango wa nusu wa banda unatosha. Farasi awe ameshakula nyasi.

Simama usawa wa bega lake, mahali meno hayafiki, mikono mitupu ikining'inia. Usiseme kitu. Atanyoosha shingo, atapuliza, atalamba mlango. Subiri. Mara tu pua inapokuacha, hata kwa upana wa kiganja, sema neno moja fupi, lilelile kila siku, au bofya kwa ulimi. Baada ya neno ndipo mkono uende mfukoni. Utaratibu huu usipinduliwe. Mkono ukitangulia neno, atajifunza kutazama mkono, na mfuko utarudi kuwa ndio habari. Neno lije ndani ya sekunde moja ya kitendo; ukichelewa, umemlipa kwa lile alilolifanya baadaye, ambalo pengine ni kukurudia.

Mahali pa kumpa ni muhimu sawa na wakati. Nyoosha mkono mpaka kipande kifike mbele ya kifua chake, ili alazimike kurudisha kichwa katikati ya mwili wake kukichukua. Farasi huweka kichwa pale chakula kinapotokea. Ukimpa kando ya nyonga yako, utamkuta kwenye nyonga yako.

Vipande vikiisha, dakika nne au tano zinatosha. Onyesha viganja viwili vitupu na uondoke. Ishara hiyo ya kufunga ikirudiwa kila siku, ataacha kukufuata. Siku zinazofuata, refusha muda anaokaa kichwa mbele kabla ya neno: sekunde 1, kisha 3, 5, 10. Akikosea mara mbili mfululizo, punguza.

Siku ya pili au ya tatu atazidi. Atasukuma kwa nguvu zaidi, atagonga mlango, huenda akaonyesha meno. Kilichomlipa zamani kimeacha kulipa, kwa hiyo anaongeza juhudi kabla ya kukiacha. Mtu akitoa "kimoja tu" wakati huo, amemfundisha kwamba kinachohitajika ni nguvu zaidi, na kazi ya wiki inaanza upya ikiwa ngumu kuliko mwanzo. Bandika karatasi mlangoni: USINILISHE. Farasi wa pwani ya Diani na wa shule za kupanda farasi za Nairobi hushikwa na wageni wengi, na mgeni mmoja mwenye huruma hutengua kazi ya saisi wa wiki nzima.

Kofi la pua halisaidii. Dume changa hulichukulia kama mchezo wa kudaka na kukwepa, na mwenye woga huanza kurusha kichwa kila mkono unapoinuka, hata wa kumvisha lijamu.

Dalili: anapiga ukwato sakafuni au kugonga mlango

Ikitokea saa ya chakula pekee na akatulia ndoo ikishaingia, ni matarajio. Kila unapoharakisha kumpa ili kelele zikome, umelipia kelele. Simama ukiwa na ndoo, geuza uso, na songa mbele pale tu miguu yote minne iko chini. Akianza, simama. Mara za kwanza utachukua dakika nyingi kuvuka hatua kumi, kwa hiyo anza siku ambayo huna haraka.

Lakini ukwato unaochimba huku akikataa chakula, akigeuka kutazama ubavu wake, akilala na kuamka, ni maumivu ya tumbo, na hapo karoti si ya kujaribia. Pima. Mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyepumzika ni 28 hadi 44 kwa dakika. Yahesabu kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya, unaoteleza kama kamba ya kiatu. Pumzi ni 8 hadi 16, joto 37.5 hadi 38.5. Weka sikio kwenye ubavu, kushoto na kulia: tumbo lenye afya linanguruma. Ukimya, au mapigo yanayopita 50 akiwa amesimama tu, ni simu kwa daktari wa mifugo sasa hivi. Ondoa chakula chote wakati unamsubiri.

Dalili: analaza masikio ukiingia na kitafunwa

Huyu ama analinda chakula, ama aliwahi kuchezewa kwa kupewa na kunyang'anywa. Usimnyang'anye ili "ajue nani mkubwa". Tupia kipande ndani ya ndoo yake kutoka mlangoni, ondoka. Rudi baada ya dakika, tupia kingine, ondoka. Baada ya siku kadhaa, kuja kwako kutamaanisha kuongezewa, na masikio yataanza kugeuka mbele. Hapo tu ndipo uingie, na kwa mara za kwanza uingie bila kitu.

Akilaza masikio pia wakati wa kufunga mkanda wa tandiko au kupigwa brashi tumboni, acha kufikiria tabia. Vidonda vya tumbo huonekana hivyo, na daktari ndiye mwenye jibu.

Dalili: ugomvi ukiingia malishoni

Usiingie na ndoo katikati ya farasi walio huru. Jibu fupi ni hilo. Mkubwa wa kundi atashusha shingo na kulaza masikio, mdogo atageuza makalio kujitetea, na njia ya teke hilo ndipo uliposimama. Lisha kutoka nje ya uzio, au weka mafungu kabla hawajafunguliwa: yazidi idadi ya farasi kwa fungu moja, yaachane hatua kumi au zaidi.

Dalili: anakataa, au anapokea na kuangusha

Mpe nyasi kidogo uone. Akila nyasi na kukataa karoti, huenda haijui. Farasi wengi hushuku chakula kigeni. Kuna ambaye hajawahi kuona tufaha na atalikoromea kama nyoka. Katakata vipande vidogo, changanya na pumba kwa siku chache. Au anakumbuka kuwa tufaha la juzi lilikuwa na unga mchungu wa dawa ndani yake. Dawa isipitie kwenye kitafunwa anachokipenda. Tumia molasi na bomba la sindano lisilo na sindano.

Akipokea, akatafuna kwa upande mmoja kichwa kikiwa kimeinama, kisha akaangusha donge la majani yaliyotafunwa nusu, ni meno. Farasi mzima ana meno 36 hadi 44, yanaendelea kuchomoza maisha yake yote, na kingo zake hunoleka mpaka zinachana shavu na ulimi. Yakaguliwe na kupigwa tupa kila miezi 6 hadi 12.

Akikataa kila kitu, inua mdomo wa juu utazame ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, na ukiubonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Pima joto. Baada ya mvua nyingi, wakati wa visubi, homa pamoja na uvimbe unaojaza mashimo ya juu ya macho ni dalili ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao unaweza kuua kwa siku chache. Usisubiri asubuhi.

Kuna hali moja inayodanganya hata wazoefu: farasi anayekubali kitafunwa akiwa na hofu. Tazama miguu. Shingo imenyooshwa mpaka mwisho, midomo inafikia kipande, lakini miguu ya nyuma imebaki mbali, tayari kukimbia. Anatafuna haraka, jicho limekaza. Huyo amevutwa na tumbo, hajatulia, na akigundua yuko karibu mno na kile anachokiogopa, atalipuka akiwa karibu nawe. Ndiyo maana kumvuta farasi kwa karoti mpaka ndani ya gari la kumsafirishia hufanikiwa mara moja au mbili, kisha siku ya tatu hataki hata kulisogelea. Rudi nyuma mpaka pale anapokula huku miguu ikiwa imekaa sawa chini yake, na umlipe hapo kwa kila hatua anayopiga mwenyewe.

Dalili: anakunja mdomo wa juu kama anacheka

Hacheki. Anapeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa, hasa akikutana na harufu mpya kama tangawizi, limau au mkojo wa jike. Mara moja si kitu. Akirudiarudia bila harufu yoyote mpya, tena akiwa amezubaa, angalia dalili za tumbo zilizotajwa juu.

Dalili: anakohoa, anavuta shingo, chakula kinatoka puani

Amekwamwa kooni. Ni njia ya chakula iliyoziba, si ya hewa, kwa hiyo kwa kawaida bado anapumua. Una muda, lakini si wa kupoteza. Ondoa chakula na maji, mweke mahali tulivu kichwa kikiwa chini, piga simu. Usimmiminie maji wala mafuta mdomoni, yataingia mapafuni. Usitie mkono kooni. Kuna sababu nyingine ya kuuweka mkono mbali: kichaa cha mbwa, ambacho bado kipo Afrika Mashariki, nacho humfanya farasi atokwe na mate na ashindwe kumeza. Kama tabia yake imebadilika ghafla au hajachanjwa, vaa glavu, usiguse mate yake, na mwambie daktari mapema.

Vipande vya duara hukwama kwa urahisi. Karoti ikatwe kwa urefu, isikatwe kama sarafu. Tufaha ligawanywe mara nne. Tende, zinazopendwa sana kwenye mazizi ya Ghuba wanakofanya kazi masaisi wengi wa kwetu, zitolewe kokwa.

Akishakung'ata

Jino la farasi huponda kuliko kukata, kwa hiyo alama ndogo huweza kuficha mfupa uliovunjika. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, uulizie chanjo ya pepopunda na, kama farasi hajulikani au amebadilika tabia, ya kichaa cha mbwa. Na usipitishe mkono uleule wenye mate kutoka farasi hadi farasi. Homa ya tezi za koo huenea hivyohivyo.

Kiasi

Farasi wa kilo 500 anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku, karibu chote kikiwa nyasi. Kitafunwa ni karoti moja au mbili, au tufaha moja, kwa siku nzima, vikiwamo vipande vya mafunzo. Ganda la tikiti na ndizi kipande ni sawa. Muwa ni sukari tupu, kwa hiyo pingili moja fupi, na hata hiyo asipewe farasi mnene mwenye shingo iliyotuna mafuta, aliyewahi kuugua kwato, au punda, ambaye hunenepa kwa kidogo sana. Kwato zenye joto, mshipa unaopiga kwa nguvu juu ya ukwato, na farasi anayeegemea nyuma kuipunguzia uzito miguu ya mbele: vitafunwa vikome siku hiyo na daktari aitwe.

Chokoleti usimpe, na kwa farasi wa mbio ina kemikali inayoonekana kwenye vipimo. Kabichi humjaza gesi, mkate mbichi hali kadhalika. Vitunguu, viazi, nyanya na majani yake viache jikoni. Parachichi, liwe tunda, jani au gome, ni sumu: huvimbisha kichwa na kudhuru moyo. Kama mti wake unaning'inia juu ya uzio wa malisho, ukate.